Uzee hutunzwa tangu alfajiri

Tarehe 15 Oktoba 2025, redio na simu za Afrika Mashariki zilijaa jina la mji ambao wengi wetu hatukuwa tumewahi kuusikia: Koothattukulam, katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya, alikuwa huko kwa matibabu. Asubuhi hiyo alitoka kutembea, akaanguka, akakimbizwa hospitali, na ikatangazwa kuwa moyo wake ulikuwa umesimama. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Familia yake iliufahamu mji huo vizuri. Binti yake, Rosemary, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 2017 kutokana na uvimbe katika ubongo. Baada ya mahangaiko mengi alitibiwa katika hospitali ya macho ya Sreedhareeyam mjini Koothattukulam, ambako tiba ni ya Ayurveda, na baba yake akasimulia hadharani, kwa furaha, jinsi alivyoanza kuona tena. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliieleza habari hiyo katika kipindi chake cha redio Februari 2022.

Ndiyo maana siku za msiba ule swali lilisikika barazani na kwenye daladala: hii Ayurveda ni kitu gani hasa, na inampa nini mtu aliyefika miaka 70 au 80? Kisa cha mgonjwa mmoja, kiwe cha shangwe au cha huzuni, hakitoshi kuipima tiba iliyokuwapo kwa karibu miaka 2,000. Inabidi tuangalie inafundisha nini, inafanywaje kule ilikozaliwa, na wapi imepita mipaka yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Naamini Ayurveda ina jambo kubwa la kumpa mzee, na jambo hilo ni namna ya kuipanga siku yake: saa ya kuamka, chakula cha moto, mafuta mwilini, usingizi, hata maneno yatokayo kinywani. Makopo ya unga na vidonge, ambayo ndiyo yanayotangazwa kwa kelele kila kona, yanakuja nyuma sana. Mengine hayapaswi kuingia nyumbani kabisa.

Msingi wa tiba hii umo katika vitabu vitatu vya Kisanskriti: Charaka Samhita, Sushruta Samhita, na Ashtanga Hridaya ya mganga Vagbhata, aliyeishi karibu na karne ya 7. Vitabu hivyo vinaigawa elimu ya tiba katika matawi nane. Kuna tawi la magonjwa ya ndani, la upasuaji, la watoto, la sumu, na mengine. Mojawapo linaitwa rasayana, na kazi yake ni kuutunza mwili usichakae kabla ya wakati na kumsaidia aliyezeeka abaki na nguvu na akili zake. Inanigusa kwamba waganga wa zama hizo, katika dunia ambayo wengi hawakufika uzeeni, waliona umri huo unastahili tawi lake lenyewe. Hospitali ngapi za mikoa yetu leo zina kliniki ya wazee inayojitegemea?

Mafundisho yenyewe yanasimama juu ya nguvu tatu mwilini, yaani vata, pitta na kapha. Kapha ni nzito, yenye unyevu na ubaridi, nayo hutawala utotoni, ndiyo maana watoto wana mafua na makamasi. Pitta ni ya moto na makali, nayo hutawala ujana na utu uzima. Vata ni ya upepo: kavu, nyepesi, baridi, haitulii. Hiyo ndiyo inayotawala uzeeni. Wasomaji wa pwani hawatashangazwa na mtindo huu wa kufikiri. Tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia Waarabu nayo ilihesabu moto na baridi, ukavu na unyevu, na mpaka leo bibi zetu wanasema chakula fulani ni cha baridi, hakimfai mwenye maumivu ya viungo.

Sasa mtazame mzee yeyote wa nyumbani kwako. Ngozi imekauka na kuwasha. Magoti yanalia anaponyanyuka. Choo kigumu, tumbo linajaa gesi. Usingizi umekuwa mwepesi, saa nane za usiku macho yako wazi na wasiwasi umetanda. Mikono na miguu ina baridi hata mchana. Waganga wa Ayurveda waliyakusanya yote haya chini ya jina moja, vata, kisha wakaweka kanuni nyepesi kuikumbuka: kilicho kavu kipewe mafuta, kilicho baridi kipewe joto, kisichotulia kipewe ratiba. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha vata kwenye damu, wala sidai kwamba kipo. Lakini waliouandika mpangilio huu walikuwa wameketi na wazee na kuwaangalia kwa makini, na ushauri uliotokana nao mwingi unafanyika kwa fedha kidogo sana.

Siku huanza mapema, kabla jua halijachomoza. Kwa mzee anayeamka kwa ajili ya swala ya alfajiri au misa ya kwanza, sehemu hii imeshakamilika. Kisha haja, kinywa, na ulimi unakwanguliwa utando wake taratibu. Halafu yanakuja mafuta, na hapa nitakaa kidogo.

Upakaji wa mafuta kabla ya kuoga huitwa abhyanga. Mafuta yanayosifiwa kuliko yote kwa uzee ni ya ufuta, kwa sababu yanahesabiwa kuwa ya joto na yenye kupenya. Watu wa Kerala hupenda pia mafuta ya nazi, hasa kichwani, ingawa waganga wanayaona ni ya kupoza. Mafuta haya mawili hatuhitaji kuyaagiza nje. Ufuta unalimwa Lindi na Mtwara, na wazee wa Zanzibar wanakumbuka habari za vinu vya simsim vilivyozungushwa na ngamia. Yapashwe joto kidogo kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya moto, yapakwe mwili mzima, viungo vikisuguliwa kwa mzunguko na mifupa mirefu kwa kwenda juu na chini, yaachwe kama robo saa, kisha mtu aoge maji ya vuguvugu. Vitabu vinasisitiza sehemu tatu zisisahaulike: kichwa, masikio na nyayo.

Ngozi ya mzee hupoteza mafuta yake ya asili, ikapasuka, na kila mpasuko ni mlango wa vijidudu. Kwa mwenye kisukari, mpasuko wa kisigino unaweza kuishia kwenye kidonda kisichopona. Anayempaka mzee mafuta kila asubuhi anamkagua pia bila kujua: anaona uvimbe mpya, kidonda cha mgongoni ambacho mwenyewe hakioni, alama ya kuanguka ambayo mzee aliificha kwa kuogopa kusumbua. Tena wako wazee wengi, hasa wajane, ambao hupita miezi bila kuguswa na mkono wa mtu isipokuwa kwa salamu. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua desturi moja tu ya Ayurveda iingie katika kila nyumba yenye mzee, ningeichagua hii.

Tahadhari zake ziko mbili. Nyayo zenye mafuta kwenye sakafu ya vigae ni ajali inayosubiri, na nyonga iliyovunjika ukiwa na miaka 75 inaweza kukulaza kitandani moja kwa moja. Kwa hiyo apakwe akiwa ameketi, nyayo zifutwe au zivalishwe soksi kabla hajasimama, na bafuni pawe na kitu cha kushika. Pili, mguu mmoja ukiwa umevimba ghafla, una joto na unauma, usiukande. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Moto wa tumboni

Neno linalorudiwa zaidi katika vitabu hivi labda ni agni, moto wa kusaga chakula. Uzeeni moto huo hupungua. Ni jiko la mkaa lililobakiwa na makaa machache: ukilijaza mkaa mbichi kwa pupa unalizima, ukiliongezea kidogo kidogo linaendelea kuwaka. Kwa hiyo mzee ale chakula cha moto, laini, chenye majimaji na mafuta kiasi, mlo mkubwa uwe wa mchana, cha usiku kiwe chepesi na mapema. Asile mlo mpya wakati ule wa kwanza bado uko tumboni. Ashtanga Hridaya inaligawa tumbo mafungu manne: mawili ya chakula kigumu, moja la kinywaji, na la nne liachwe wazi. Waislamu wataona hapa jirani wa mafundisho ya Mtume kuhusu theluthi tatu za tumbo.

Chakula kinachotajwa kuliko vyote kwa tumbo dhaifu ni mchele uliopikwa pamoja na choroko, ukatiwa samli na viungo. Wahindi huuita khichdi, sisi huuita mseto, na upo katika nyumba za pwani tangu zamani. Weka tangawizi, bizari nyembamba, manjano na chembe ya mvuje kwa ajili ya gesi. Mzee asiye na meno ataumeza, mwenye vidonda vya tumbo utamtuliza kuliko pilipili na maharage magumu.

Hapa lakini lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa Ayurveda hulipita haraka. Chakula chepesi kisigeuke kuwa njaa ya adabu. Kuna wazee wanaoishi kwa chai ya rangi, kipande cha mkate na uji mweupe, na watoto wao wanasifu kwamba mama hali sana siku hizi. Misuli inayeyuka. Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee mwenye afya apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 60 apate gramu 60 hadi 72, isipokuwa daktari amemzuia kwa sababu ya figo. Mseto wa choroko pekee haufiki huko. Ongeza samaki, yai, mtindi, dagaa waliosagwa. Samli nayo ni kijiko, si kikombe, hasa kwa aliyeambiwa mafuta ya damu yake yako juu.

Charaka ana sura nzima kuhusu mambo ambayo mtu asiyazuie. Ametaja haja 13 za mwili, zikiwamo mkojo, choo, usingizi, kiu, njaa, kupiga miayo na hata machozi. Naisoma sura hiyo nikiwafikiria mama zetu wanaosafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam bila kugusa maji, wasije wakamwomba dereva asimame. Au babu anayeacha kunywa tangu alasiri ili usiku asimwamshe mjukuu ampeleke msalani. Matokeo yake ni choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo na kizunguzungu, na mara nyingi tunasema ni uzee tu. Taa ndogo ya usiku na ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda huleta nafuu ambayo hakuna mzizi utakaoileta.

Kuhusu usingizi, vitabu ni vikali: kulala mchana kunakatazwa kwa walio wengi. Lakini wazee wameruhusiwa, pamoja na watoto na waliodhoofika. Napenda huruma hiyo. Kinachotakiwa ni kulala usiku kwa saa ile ile, na maziwa ya moto yenye chembe ya kungumanga yanasaidia kwa anayeyaweza.

Katika mazoezi ndipo ninapopingana na Vagbhata. Amesema mwenye nguvu afanye mazoezi hadi nusu ya uwezo wake, na hilo ni la busara, lakini wazee amewaweka katika kundi la wasiopaswa kufanya. Ushahidi wa leo unasema kinyume. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na angalau siku tatu za wiki wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara wasianguke. Kunyanyuka kwenye kiti mara kumi bila kujishika ni zoezi. Kutembea hadi sokoni na kurudi na kikapu ni zoezi. Kitabu cha kale kikikosea, heshima yake haipungui tukisema kimekosea.

Mvua za Kerala na mzee wa Kottakkal

Anayetaka kuiona elimu hii ikitumika na watu wa kawaida aende Kerala katika mwezi wa Karkidakam, kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti, mvua za kusi zinapomwagika bila kukoma. Zamani huo ulikuwa mwezi wa njaa na maradhi. Familia hupika uji wa mchele wa dawa, wenye uwatu, bizari nyembamba, majani ya porini na tui la nazi, na huula kwa siku kadhaa mfululizo. Wazee hupelekwa kwa waganga wao kukandwa. Ziko tiba ambazo jimbo hilo limezifanya zake: pizhichil, ambamo mtu hulazwa juu ya meza ya mbao na mafuta ya vuguvugu humiminwa mwilini huku wakandaji wakimkanda kwa pamoja, na njavarakizhi, ambamo mchele maalumu huchemshwa kwa maziwa na mitishamba, ukafungwa kwenye vitambaa na kukandia viungo.

Kerala ni jimbo la wazee. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta asilimia 12.6 ya watu wake wamevuka miaka 60, kiwango cha juu kuliko majimbo yote ya India. Sababu kubwa ni shule, zahanati, chanjo na maji. Ayurveda haikuleta umri huo mrefu, ila imewasaidia watu waliofika huko kuuishi.

Katika wilaya ya Malappuram uko mji wa Kottakkal, na ndani yake Arya Vaidya Sala, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1902 na mganga P. S. Varier. Akiwa kijana, Varier alisomea Ayurveda kwa mmoja wa waganga wa koo kongwe za Kerala. Baadaye macho yakamsumbua, akatibiwa na daktari wa hospitali, na badala ya kushukuru na kuondoka akabaki kujifunza kwake udaktari wa Kizungu. Mwaka 1924 alifungua hospitali ya bure kwa maskini. Mpwa wake, P. K. Warrier, aliichukua taasisi hiyo miaka ya 1950 baada ya kaka yake kufa katika ajali ya ndege mwaka 1953, akaiongoza kwa zaidi ya miaka 60. Alizaliwa tarehe 5 Juni 1921 na akafa tarehe 10 Julai 2021, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 100. Akiwa amevuka 90 bado aliona wagonjwa. Umri wa mtu mmoja hauthibitishi tiba, na familia zenye watu wa miaka 100 zipo hata Kilimanjaro. Ninachokiona cha kujifunza kwake ni kwamba hakustaafu kuwa na manufaa. Kila asubuhi kulikuwa na watu waliomhitaji.

Hili linanipeleka kwenye ukurasa wa Charaka ninaouthamini kuliko yote. Baada ya kueleza mapishi mengi ya dawa za kurefusha uhai, anasema kuna rasayana isiyo na dawa yoyote. Ni mwenendo. Mtu asemaye kweli, asiyetawaliwa na hasira, asiyeumiza wengine, mtulivu, mwenye maneno matamu, anayelala na kuamka kwa kiasi, anayetoa sadaka, anayewaheshimu waliomtangulia: huyo, kwa mujibu wa Charaka, anapata faida zote za rasayana. Na katika sura ile ile ya haja zisizozuiwa ameongeza yale yanayopaswa kuzuiwa, yakiwamo tamaa, woga, hasira na maneno makali. Sushruta naye alipoeleza mtu mwenye afya hakuishia kwenye tumbo na viungo, alitaka pia nafsi na akili viwe na furaha.

Uzee wa uchungu tunaufahamu. Ni yule baba aliyegombana na wanawe juu ya shamba, anakula peke yake, anakumbuka kila aliyemkosea tangu mwaka 1974. Shinikizo lake la damu halishuki kwa kidonge chochote. Kwake, dawa ya kwanza huenda ikawa kikao cha wazee wa ukoo na kusameheana.

Kopo na hatari zake

Mwaka 1938, Madan Mohan Malaviya, mwanasiasa mashuhuri na mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, aliingia katika kibanda kilichofungwa mwanga ili afanyiwe kaya kalpa, ile rasayana kubwa inayosemwa kumrudisha mtu ujanani. Alikuwa na miaka 76. Magazeti ya India yaliandika kwa msisimko kwamba ametoka na nguvu mpya. Nguvu hizo hazikudumu, na Malaviya akafa mwaka 1946. Tangu wakati huo kila kizazi kina wauzaji wake wa ujana, na wateja wao wakubwa ni wazee wenye pensheni.

Mimea yenyewe haina kosa, na mingine ina nguvu za kweli. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kutumia mzizi wa sarpagandha kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Mwaka 1952 kiini chake, reserpine, kilitenganishwa maabara, kikawa miongoni mwa dawa za kwanza za ugonjwa huo duniani. Lakini kilipotumiwa kwa dozi kubwa kiliwatia baadhi ya watu huzuni nzito. Mmea unaoweza kuponya unaweza pia kudhuru.

Mmea wa brahmi umefanyiwa majaribio machache kwa watu wa umri mkubwa, na baada ya wiki kama 12 kumbukumbu iliongezeka kidogo, tumbo likiwasumbua baadhi yao. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 kwa wagonjwa 43 wa baridi yabisi lililinganisha tiba ya Ayurveda na dawa ya methotrexate, na makundi hayakutofautiana sana. Inatia moyo, lakini watu 43 ni wachache mno. Triphala, unga wa matunda matatu, husaidia choo, ila ukizidi huharisha. Chyawanprash, jamu ya tunda la amla, imejaa sukari, na namsikitikia mwenye kisukari aliyeambiwa alambe vijiko viwili kila siku kwa sababu ni dawa. Ashwagandha, ambayo humea yenyewe hata hapa Afrika Mashariki, imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Kuna jambo zito zaidi. Tawi moja la utengenezaji dawa za Kihindi hutumia madini yaliyochomwa, yakiwamo zebaki, risasi na aseniki. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 zilikuwa na madini hayo ya sumu. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dawa 193 zilizouzwa kwa intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa nayo. Figo za mzee tayari zimechoka. Risasi haimsamehi.

Halafu iko hatari ya mchanganyiko, na hii hutokea kimyakimya nyumbani kwetu. Vidonge vya uwatu au karela pamoja na dawa za kisukari vinaweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Yashtimadhu, mzizi mtamu unaotiwa katika dawa za kifua na tumbo, hupandisha shinikizo la damu. Vidonge vizito vya manjano havipatani na dawa za kuzuia damu kuganda. Manjano ya kwenye mchuzi hayana tatizo hilo. Na zile tiba za kutapisha na kuharisha ambazo baadhi ya vituo vya mapumziko huziuza kama usafishaji wa mwili, vitabu vyenyewe vinawaonya waganga wasiwafanyie wazee kutapisha. Anayemeza dawa za kukojoa kwa ajili ya moyo, akaharishwa siku tatu, anaweza kupoteza maji na chumvi kiasi cha kulazwa.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kwenda kwa mganga wa Ayurveda aulize kwanza amesomea wapi. India ina shahada yake, BAMS, inayochukua miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya kazini. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, na mtoa tiba asiyesajiliwa hana sababu ya kumshika mzee wako. Dawa isiyo na orodha ya vilivyomo na jina la mtengenezaji iachwe dukani. Vidonge vya shinikizo, kisukari, moyo au kifafa visikatishwe kwa kauli ya mtu yeyote isipokuwa daktari aliyeviandika.

Nao madaktari wetu wana deni. Katika kliniki nyingi mzee huulizwa anameza vidonge gani, lakini haulizwi kuhusu chupa iliyo chini ya kitanda, na akiitaja anakemewa, hivyo safari ijayo ananyamaza. Fomu ya kliniki ya wazee iwe na mstari mmoja zaidi, wa mitishamba na dawa za asili, na muuguzi aujaze bila kununa. Wewe unayempeleka mama wiki ijayo usisubiri fomu ibadilike: tia kila kitu anachomeza, cha hospitali na cha dukani, kwenye mfuko mmoja, umwage mezani kwa daktari.